Neno Lililokatika, Sehemu ya Sita: Kifaa Juu ya Jiwe

"Mama..."

Neno hilo moja ndilo lililotoka kwenye spika, wasomaji wangu, na sauti ilikuwa ya Tadei mwenyewe, ile yenye mkwaruzo kidogo kama mtu aliyeamka sasa hivi. Halafu, pwaa! Cheche nyuma ya kompyuta, moshi mweupe, harufu ya plastiki iliyoungua. Kioo kikawa cheusi.

Hilaria aliruka, akachomoa waya ukutani.

Mama yake hakusogea. Perpetua alikuwa ameketi kwenye kigoda, khanga imefungwa begani, mikono juu ya magoti, anakitazama kile kioo kama mtu anayetazama mlango unaogongwa.

"Kasema Mama," akasema. "Halafu?"

"Imezima, Mama."

"Najua imezima, sijawa kipofu. Nauliza, Mama halafu nini?"

"Sijui."

"Iwashe amalizie."

"Mama, imeungua."

"Mwanangu ameanza kuniambia neno, we Hilaria. Hawezi kuachwa katikati namna hiyo. Iwashe."

Kama hukuwa nasi wiki zilizopita, haya yakutoshe. Tadei amekufa. Alikufa kwa pikipiki, barabara ya Dirma, asubuhi ya mvua na utelezi, akiwa na rafiki yake Abel wa Masakta. Abel alivunjika mguu, akabaki hai. Alipoulizwa nani alikuwa anaendesha, alijibu, "Mimi." Alipoulizwa walikuwa wanafuata nini Dirma, akanyamaza, na mpaka leo hajasema.

Siku ya mazishi Abel aliletwa kutoka hospitali na plasta yake mguuni, akashushwa uani kwa Perpetua, pale Gendabi. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, Mama Tadei." Perpetua akageuza uso. Mbele ya watu wote! Kwetu kuiacha shikamoo ya kijana ianguke chini bila kuitikiwa si jambo dogo. Tangu hapo jina la Abel halitajwi katika nyumba ile, na kitu chake hakiingii.

Simu ya Tadei ilisagika barabarani. Sauti yake imebaki mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta yake ya gemu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kujirekodi akicheza.

Na siku zinakwisha. Nyumba iko kwenye metimani, kule kutengwa kwa nyumba iliyofikwa na kifo cha damu. Padri ameshaombea na kunyunyiza maji ya baraka, lakini Baba mdogo Nicodemo, mdogo wake baba yao marehemu, ameshikilia ya wazee: nyumba ikae peke yake. Wasiingie kwa watu, watu wasiingie kwao. Kitu chao kisitoke. Na kitu kilichoguswa na mkono wao kisirudi kwa mwenyewe. Jumamosi metimani inafunguliwa, na siku hiyohiyo Nicodemo anagawa vitu vya marehemu. Kompyuta ameshasema inakwenda kwa mwanawe wa Babati.

Leo tunapoendelea ni Alhamisi.

Hilaria alichukua bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta. Akainamisha pua ndani kama mtu anayenusa maziwa kama yameharibika. Akanusa kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye kioo; ni mpya, Tadei aliinunua akiwa hai na hakuwahi kuiwasha. Haikunuka. Akanusa diski yenye rekodi. Haikunuka. Akanusa lile boksi la chuma la kona ya chini, pawa saplai, ambalo ndilo linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake.

Akakohoa.

"Ni hili," akasema. "Halikuweza. Lilikuwa la kadi ndogo, mimi nikalibebesha kadi kubwa."

"Yeye alikukataza?"

"Aliniambia tusifunge kadi mpaka achague pawa saplai ya kuibeba. Na kadi ya zamani aliing'oa alfajiri ya safari, akaondoka nayo kwenda kuiuza. Nikafikiri itavumilia dakika moja tu, usikie."

Perpetua alimtazama binti yake.

"Basi tafuta hiyo aliyotaka kuchagua," akasema. "Uichague wewe."

Fundi Yonas, anayetengeneza simu na kompyuta kule Katesh, alipigiwa simu, akafika asubuhi ya Ijumaa na pikipiki yake, boksi limefungwa nyuma kwa mpira. Hakuingia uani. Alisimama kwenye ua wa minyaa, mwisho wa shamba la mbaazi, penye jiwe bapa. Hapo ndipo majirani wanapowawekea chumvi, sabuni na mafuta ya taa tangu msiba, halafu wanarudi nyuma.

"Shikamoo mama!" akapaza sauti kuelekea nyumbani. Hakuitikiwa. "Dada Hilaria, pole sana na msiba. Sasa simama hapohapo ulipo. Wateja wangu wakisikia nimepeana mkono na wewe, nitauza chaji kwa mbuzi."

"Nimesimama, kaka Yonas."

"Na mimi nashangaa. Kwani usinipe hiyo diski nikaisome dukani? Saa moja tu."

"Kitu cha nyumba hii hakitoki."

"Ah. Kweli. Haya." Akafungua boksi. "Nimekuletea mbili. Hii hapa ni moto wa kuotea mbali! Wati mia nane. Feni ina taa saba, ikiwaka utadhani harusi."

Akaiweka juu ya jiwe. Nyekundu na nyeusi, inang'aa.

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ya kijivu? Imetumika hii. Mia sita na hamsini, haina taa, haina madoido. Nimeileta iisindikize mwenzake tu."

Sasa msomaji, elewa shida ya binti huyu. Tadei alimfundisha kuchagua kwa mkono. Alikuwa akimfumbisha macho dukani, anampa pawa saplai moja kila kiganja, anamwambia, "Pima. Iliyo nyepesi wameiba vya ndani." Lakini leo Hilaria akinyoosha mkono akashika, ameshachukua. Hakuna kurudisha. Kilichoguswa na nyumba ya metimani Yonas hatakipokea tena, hata angependa.

Na kuchagua vibaya si kupoteza kifaa tu. Kaka yake alisema mara nyingi, huku anacheka: pawa saplai mbaya haifi peke yake, inaondoka na wenzake. Ikiripuka tena, mara hii diski haitabaki. Na neno la Tadei litakuwa limekwisha pale pale lilipokatika.

Basi akachagua kwa macho, na kwa mikono ya Yonas.

"Igeuze hiyo ya harusi. Nisomee karatasi ya ubavuni."

"Wati mia nane!"

"Hiyo ya maandishi makubwa nimeiona. Nisomee mstari wa volti kumi na mbili. Ampea ngapi?"

Yonas akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. "Ishirini na tano."

Hilaria akazidisha kichwani, kumi na mbili mara ishirini na tano, midomo ikicheza. "Hiyo ni mia tatu, kaka Yonas. Mia tano zingine zimekwenda wapi?"

"Pengine zimekwenda kwenye zile taa."

Hilaria alicheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akashtuka, akaziba mdomo na kugeuka kutazama nyumbani kama mama amemsikia.

"Nisomee na ya kijivu," akasema kwa sauti ya chini.

"Hamsini na nne."

"Inafika mia sita na arobaini na kitu. Hiyo haidanganyi. Ina waya wa kadi ya picha?"

"Ina mbili, pini nane nane. Hii ya taa ina mmoja, na mwingine wa kuungia."

"Ziinue zote mbili. Kila moja mkono wake, kama unapima maharage."

Yonas akainua. Mkono wa kushoto, wenye ile ya taa, ukapaa juu. Wa kulia ukabaki chini.

"Zitikise."

Ndani ya ile nyekundu kitu kikagonga, kwacha kwacha. Yonas akaishusha haraka.

"Dada," akasema, "ungekuwa huna msiba ningekuajiri. Au ningekufukuza. Sijui lipi."

"Hiyo ya kijivu umeipata wapi?"

Yonas akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Kaka Yonas."

"Ya mtu. Ameilipia mwenyewe kila kitu, wewe chukua tu. Kaniambia nisitaje."

"Igeuze chini."

"Ya nini tena? Umeshaona wati, umeona waya..."

"Igeuze, kaka Yonas!"

Akaigeuza. Penye kona, juu ya kichwa cha skrubu, palikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha.

Hilaria aliinama kuitazama vizuri. Rangi ile ni yake. Tadei na Abel walipounda kompyuta zao mbili pamoja, chumba kimoja, mkeka mmoja, skrubu zikawa zinachanganyika. Yeye ndiye aliyewapakia alama: za Tadei kijani, za Abel nyekundu.

Abel ameing'oa kwenye mashine yake mwenyewe.

Nyuma ya minyaa, hatua chache kutoka kwenye jiwe, kitu kiligusa ardhi, tuk. Ncha ya gongo la kutembelea. Hilaria aliiona, ikavutwa upesi nyuma ya majani.

Alitazama ile ya taa, ambayo mama angeikubali bila swali. Akatazama ile ya kijivu, ambayo mama hawezi kuivumilia chini ya paa lake.

Akanyoosha mkono, akashika ya kijivu.

"Umeshachukua," akasema Yonas taratibu.

"Nimechukua."

Kuifunga kulimchukua asubuhi nzima, maana kila waya aliusukuma mpaka asikie umebana. Zile nyaya za kadi alizipitisha nyuma, mbali na feni, kama alivyoonyeshwa. Tone jekundu aligeuzia chini.

"Mbona huiwashi?" mama akauliza.

"Nasubiri mashine ya kusaga."

Mashine ya kusaga ya Mzee Modest iko bondeni, na ikinguruma tu, taa za nyumba zote za upande ule zinafifia. Tadei hakuwasha kompyuta hata siku moja mashine ikiwa inasaga. Wakakaa wakisikiliza ule mngurumo, mama na binti, na Hilaria hakuacha kuchungulia dirishani kuelekea kwenye minyaa. Mahindi ya watu yalionekana hayaishi siku hiyo.

Perpetua akachukua kitambaa aanze kufuta vumbi, maana mikono yake haijui kukaa. Akafuta kioo. Akafuta juu ya kompyuta. Akaiinamisha kidogo afute na chini, penye matundu ya hewa.

Akasimama hivyohivyo, ameinama.

"Hilaria."

"Abee, Mama."

"Nilikugombeza mwaka ule kwa kumaliza chupa nzima ya rangi. Ukaniambia ni ya skrubu." Sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Nyekundu ilikuwa ya nani?"

Hilaria aliinamisha kichwa.

"Nyekundu ilikuwa ya nani!"

"Ya Abel."

Kitambaa kikaanguka.

"Umeingiza mkono wake ndani ya mwanangu."

"Mama, ndiyo nzuri. Ile nyingine ilikuwa boksi la taa tupu, ingeunguza diski. Hii Tadei mwenyewe ndiye aliyemchagulia Abel! Angekuwepo angechagua hii hii!"

"Angekuwepo!" Perpetua alipiga kelele, kisha akakaa chini, sakafuni, si kwenye kigoda. "Angekuwepo, unasema. Nani aliyefanya asiwepo? Yeye mguu umevunjika, unaunga. Wangu nimemzika. Itoe."

"Mama..."

"Itoe!"

Hilaria akachukua bisibisi. Machozi yalimfanya asione skrubu.

Na hapo, wasomaji wangu, bondeni, mashine ya kusaga ikanyamaza.

Kukawa kimya kiasi cha kusikia kuku wakiparua nje. Balbu ya sebuleni ikang'aa vizuri, nyeupe, kama iliyoamka. Perpetua aliinua macho akaitazama ile balbu. Akaitazama kompyuta. Hata mimi ninayewasimulia sijui kilichopita kichwani mwake.

"Neno moja," akasema. "Amalizie neno moja. Halafu utakitoa hicho kitu ukitupe korongoni."

Hilaria akachomeka waya. Akabonyeza.

Feni ikazunguka. Haikulia, haikunuka. Kioo kikawaka, picha ikatulia kama maji ndani ya beseni. Akatafuta ile rekodi ya mwisho, ya usiku wa kuamkia safari, akaibonyeza, akashika mkono wa mama yake.

"Mama... nakuja! Nimebakiza kidogo tu, nakuja sasa hivi!"

Na kwa mbali, kutoka jikoni ya siku ile, sauti ya mwanamke: "Chakula kinapoa, we Tadei! Mimi sipashi tena!"

Perpetua aliisikia sauti yake mwenyewe. Mdomo ukafunguka.

"Nitapasha," akaiambia spika. "Njoo baba. Nitapasha."

Hilaria akanyoosha kidole azime, maana neno lilikuwa limekwisha na mama alikuwa analia kwa namna ambayo haivumiliki kutazama. Lakini Perpetua alimshika kiganja. Rekodi ilikuwa inaendelea. Tadei alikuwa anaongea na mtu kwenye gemu, na mtu huyo akajibu.

"Kesho uniamshe mapema," ilisema sauti ya Abel. "Njia ya Dirma ina utelezi. Bora niendeshe mimi."

"Wewe?" Tadei akacheka. Jamani, alivyocheka! "Wewe unaendesha kama bibi harusi. Safari ni yangu, naendesha mimi. Wewe kaa nyuma, ushike mzigo."

"Tadei, mimi sitaki. Ukiwa na haraka huwa unakimbiza."

"Utakaa nyuma. Imekwisha. Ngoja nikale, mama ataninyima."

Kiti kikasogezwa. Hatua zikaenda. Rekodi ikaisha.

Perpetua aliinuka taratibu, akishika ukuta. Hakuvaa kitu miguuni. Akatoka, akapita uani, akapita kati ya mbaazi, Hilaria nyuma yake anamwita na hasikii. Akafika kwenye jiwe bapa, akasimama upande wake.

"Toka," akasema. "Najua upo. Binti yangu hawezi kuficha macho."

Gongo likatangulia, tuk. Kisha Abel. Amekonda, shati linaning'inia kama la kaka yake. Akasimama ng'ambo ya jiwe, kichwa chini.

"Shikamoo, Mama Tadei," akasema, kama mtu anayetupa kitu mahali anapojua hakitaokotwa.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi, Mama."

"Nimemsikia mwanangu kwa masikio yangu sasa hivi. Nakuuliza tena. Nani alikuwa anaendesha?"

"Tadei, Mama."

"Kwa nini ulisema ni wewe, Abel?" Hilo jina, kutoka kinywani mwake!

"Pale barabarani watu walikuwa wanasema huyu marehemu kajiua mwenyewe kwa mbio." Akalishika gongo kwa mikono miwili. "Nikaona utayasikia. Nikaona ni heri unichukie mimi. Yeye umlilie tu."

Perpetua alisimama na lile neno. Upepo ulipita kwenye mbaazi. Halafu akasema, kwa sauti ya kuvunjika lakini iliyofika ng'ambo ya jiwe:

"Marahaba, mwanangu."

Abel alianguka kwa goti moja, lile zima, akalia kama mtoto mdogo. Hakuna aliyeweza kumshika. Metimani ilikuwa katikati yao, na kufunguliwa ni kesho.

Hilaria ndiye aliyeuliza, kwa sababu swali lilikuwa limemkaa kooni tangu mazishi. "Tadei alisema safari ni yake. Alikuwa anafuata nini Dirma? Mzigo gani ulioushika?"

Abel akajifuta uso na mkono wa shati. Akamtazama mama, akamtazama dada.

"Mzigo ulikuwa khanga mbili na shuka," akasema. "Tadei alinikataza nisiseme mpaka aseme mwenyewe. Mimi nimetoka hospitali juzi, sijafika kule. Mama, kuna binti wa wafugaji. Walipanga akutane naye mnadani kule Dirma, kisha amlete hapa umwone. Siku ile alitungoja mpaka watu wakaisha. Nimesikia kila mnada anakuja, anakaa palepale kando ya barabara, anatazama upande wa huku."

"Hajui?" Perpetua akauliza.

"Hakuna aliyemwambia. Wamemwambia vijana wa Gendabi ni waongo." Akavuta pumzi. "Na sasa ana tumbo, Mama. Linaonekana."

Hilaria alifumba macho. Binti mwenye mimba bila ndoa, na aliyempa mimba amekufa kifo cha damu! Nicodemo akilisikia hili, binti huyo hatakanyaga boma lolote la ukoo wao, na nyumba itakaa metimani mwaka mzima.

"Mnada ni lini?" akauliza Perpetua.

"Leo. Wanatawanyika jioni."

Perpetua alitazama jua. Akatazama nyumba yake, mlango wazi, na ndani kioo cha kompyuta bado kinawaka. Nyumba iliyo kwenye metimani haiendi kwa watu. Akalitazama lile jiwe, mpaka ambao tangu msiba hajawahi kuuvuka.

"Hilaria," akasema, "niletee viatu vyangu. Na kile kitu cha Abel, usikitoe."